Nilimjua Ng'ombe, Sikukujua Wewe

Mwanangu Marwa,

Sikuulizi hali, maana asubuhi tumekunywa uji meza moja na nimekuona ukimaliza vikombe viwili, kwa hiyo u mzima. Nami ni mzima ukiacha hili goti. Umekwenda Sirari kumuaga shangazi yako Robi, na ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule ushibe na upewe maneno ya kubeba mpaka mwaka ujao. Nina mchana mzima, basi. Nimekaa hapa nje upande wa zizi, daftari liko pajani, kalamu ni ile uliyoisahau dirishani. Ng'ombe nimewafungulia wanakula mabua shambani. Hakuna mtu mwingine hapa, na leo nashukuru hakuna.

Maagizo sina. Kwamba ule vizuri, uende kanisani, usilale bila chandarua, hayo Robi atayamaliza. Wewe sasa ni afisa mifugo, serikali imekupa kazi Mpanda, na kwa magonjwa ya ng'ombe wewe ndiye wa kunifundisha mimi. Nina mambo mawili tu. La kwanza nimekuficha tangu uzaliwe. La pili unalijua, lakini hatujawahi kulitaja, mimi na wewe, tangu ulipokuwa kidato cha tatu. Bila la kwanza, la pili umelielewa vibaya. Na ukishalielewa vizuri, bado ni baya. Utaona mwenyewe.

La kwanza ni hili. Mimi sizijui sura za watu.

Usicheke, na usiseme uzee. Nimekuwa hivi tangu utoto. Macho yanaona, hata uzi natia kwenye sindano bila miwani. Nikikutazama naona pua, naona mdomo, naona kovu lako la juu ya nyusi. Lakini nikigeuza kichwa, imekwisha, hakuna kilichobaki. Nikikutazama tena ni kama mtu mgeni amekuja kukaa ulipokuwa umekaa. Nakujua kwa sauti, na kwa mwendo wako ule wa kutupa mguu wa kulia nje kidogo. Marehemu mzee Chacha nilimjua kwa kikohozi, mchungaji namjua kwa baiskeli. Nawashukuru sana watu wa Nyamwaga kwa kuvaa koti moja miaka kumi. Shida huanza Krismasi, kila mtu anapovaa nguo mpya.

Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote wako hivyo. Nilidhani kila mtu anafanya kazi ile ninayoifanya mimi, ya kusikiliza, kutazama viatu, kukisia. Ng'ombe walinipa jeuri. Ng'ombe wa babu yako walikuwa zaidi ya hamsini na niliwajua wote, na ndama wao, na mama zao waliokwisha kuchinjwa. Akichanganyika mmoja na ng'ombe wa watu wengine nilimtoa bila kuulizwa. Babu yako alijisifu kwa wenzake kuwa huyu kijana ana macho. Ng'ombe ana rangi yake, ana baka lake, ana pembe yake, na hajawahi hata siku moja kunyoa ndevu.

Sasa wewe unawajua watu wetu na salamu. Nilipokuwa na miaka kama kumi na miwili nilipishana na mjomba wa mama yangu njiani, nikampita kimya kama nimepita kisiki. Alikuwa ametoka hospitali, amekonda, amevaa shati la mtu. Alipofika nyumbani alisema mtoto huyu ameniona nikitembea kwa fimbo akanidharau. Nilichapwa, na haki yao. Tangu siku hiyo nikawa nasema shikamoo kwa kila kitu kinachotembea, wanaonizidi na ninaowazidi. Watu wakacheka, wakasema huyu anajipendekeza. Nikaacha. Wakasema ana maringo. Hilo la maringo ndilo limenishika mpaka leo, na mimi nililiacha linishike. Kuitwa mwenye maringo niliona ni afadhali kuliko kuitwa mwenye kasoro kichwani.

Kuna siku pale Sirari nilikaa na mtu kwenye benchi la muuza chai, nikamsema Mwita wa mashine ya kusaga vibaya, nusu saa nzima. Nikasema anapunja, nikasema na mke wake. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, akalipa chai yake, akaniambia, "Sawa, nimesikia. Mwita ndiye mimi." Alikuwa amenyoa ndevu. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa sijui kama nicheke au nilie, maana Mwita hakunisalimia tena mpaka alipokufa, na nilikuwa nampenda.

Mama yako alijua. Ni yeye peke yake aliyejua, na hakuambiwa, aliligundua mwenyewe mwezi wa kwanza wa ndoa. Tulikwenda mnadani, akabadilisha kitenge kwa sababu ya mvua, nami nikampita mara mbili namtafuta. Mara ya tatu akanishika mkono akaniambia, "Baba Marwa mtarajiwa, wewe kweli hunioni?" Nikasema nakuona, ila sikujui. Tangu kesho yake akafunga kitambaa chekundu kichwani, na hakukivua miaka yote. Wanawake wenzake walimcheka kwamba mume wake hamnunulii kingine. Na hukuwahi kugundua kwamba alikuwa anasalimia kwa sauti kubwa kuliko watu wote? "Aa, mzee Nyamhanga, shikamoo! Na mama Bhoke naye yupo!" Alikuwa ananisomea watu. Nilisimama nyuma yake kama chifu, nikatoa mkono, nikataja jina nililolisikia sasa hivi.

Alipokufa, Marwa, watu waliniona nimekaa ndani miezi mitatu wakasema majonzi. Majonzi yalikuwapo, na mpaka leo yapo. Lakini nilikuwa naogopa pia kutoka. Kwenye msiba wenyewe walikuja watu mamia kwa mamia, kila mmoja ananishika mkono, ananiangalia usoni akitegemea nimjue, na mwenye kunisomea yuko kwenye sanduku. Nikawa natoka kanisani kabla ya baraka ili nisisalimiwe mlangoni. Nikawa siendi harusi. Ile picha yake ukutani, wewe unaitazama na kumwona mama yako. Mimi natazama kitambaa. Nikifumba macho nisikie sauti yake, naisikia vizuri kabisa. Sura haiji. Haijawahi kuja hata alipokuwa hai amelala pembeni yangu. Sijamwambia mtu hili kabla ya leo, na kuliandika kumenifanya niweke kalamu chini nikazunguke zizi.

Nimerudi. Jina la hali hii sikulijua mpaka mwaka jana nilipokwenda hospitali kwa ajili ya goti. Daktari kijana alinipima chumbani, tukaongea vizuri. Baadaye akanikuta kwenye korido, amevua koti lake jeupe, akanisalimia, nami nikamweleza upya habari ya goti tangu mwanzo. Mtu mwingine angecheka. Yeye alikaa karibu yangu akaniuliza taratibu, kwa heshima, kama anamuuliza baba yake. Akanipiga picha kwa simu yake, akaichanganya na picha za wazee wengine, akaniambia, "Mzee, nionyeshe wewe ni yupi." Nilitafuta weee. Nikaonyesha mtu mwingine kabisa, na mimi nilikuwa huyo wa pembeni.

Akasema macho yangu ni mazima na akili yangu ni nzima. Kuna sehemu ndogo ya ubongo ambayo kazi yake ni kushika sura za watu, na yangu haishiki. Akasema wako watu wengi hivi, wengine wamezaliwa nayo, wengine hupata baada ya kuumia kichwa. Ina jina refu la Kizungu, ulimi wangu haulitamki, na dawa hakuna. Akasema pengine hutembea katika ukoo, na hapo nikamkumbuka mama yangu mzazi, jinsi alivyomuuliza kila aingiaye uani, "Wewe nani?" hata kama ni jirani wa kila siku, nasi tukasema ni ukali wake. Wewe huna. Nimekuchunguza, unawaita watu majina wakiwa bado ng'ambo ya korongo. Lakini ukizaa mtoto ukaona anawapita watu bila kusalimia, usimchape kabla hujamuuliza anaona nini.

Nilitoka hospitali ile nikiwa mwepesi. Nikaona nina neno la kumwambia mwanangu, na mwanangu atasema kumbe. Nilijua moja kwa moja ni siku gani ungeikumbuka. Nikafika nyumbani nikakukuta umekuja likizo, unapura mahindi, nikafungua mdomo. Nikafunga. Kwa sababu nilipoyapanga maneno njiani niliona yanatosha kwa nusu ya siku ile tu. Nusu nyingine hayaigusi. Mwaka mzima nimekuwa natafuta namna ya kukupa nusu ya kwanza na kuificha ya pili, na haipo. Basi chukua zote.

Ulikuwa kidato cha tatu, unasoma bweni kule upande wa Ringwani. Mama yako alikuwa na miaka miwili kaburini. Wezi waliingia alfajiri wakachukua mtamba mmoja, yule mwekundu mwenye baka jeupe begani na pembe ya kushoto iliyolala. Tulipiga yowe, tukafuata unyayo, wanaume tisa. Mwenzako wa Mpanda akiulizia, mweleze: kwetu ukifuata unyayo wa mnyama ukaishia kwenye kijiji cha watu, kijiji hicho ndicho kinachojibu. Kionyeshe mwizi, au kionyeshe unyayo ulivyotoka kwenda mbele. Kikishindwa, wizi ni wao. Naieleza desturi hii kwa sababu ndimo nilimojificha.

Tulipofika mtoni unyayo ukagawanyika, tukagawanyika nasi. Nikabaki na mtu mmoja tu, wa kijiji cha jirani, asiyekujua wewe. Tukatembea mpaka saa nane mchana. Nilijua shule yako iko karibu, na nilikuwa nimepanga nikishampata ng'ombe nipite nikusalimie. Nilikuwa hata na karanga mfukoni, zile za kukaanga na chumvi. Kijiji sikitaji jina, wala hakina haja. Tukakuta watu wamekusanyika chini ya ukuta wa ghala, sungusungu wameshika virungu, mtamba wangu amefungwa kwenye nguzo, na kijana amekaa chini, mikono nyuma.

Mkuu wao akaniuliza, "Mzee, huyu mnyama unamjua?"

Nilicheka, Marwa. Kumjua? Nilitaja baka, nikataja pembe, nikataja mama yake na siku aliyomzaa na kwamba alizaliwa kwa kutanguliza miguu. Watu wakaguna kwa kuridhika. Nilijisikia mtu mbele za watu, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama yako.

Akaniuliza, "Na huyu aliyekutwa ameshika kamba, unamjua?"

Nikakutazama. Kichwa kimenyolewa kama mnavyonyolewa nyote shuleni. Umevalishwa koti la mtu kwa sababu shati lilikuwa limechanika. Mdomo umevimba, jicho moja limefunga, na kovu lako limefunikwa na vumbi. Umekaa, kwa hiyo mwendo hakuna. Walikuwa wamekuambia ukae kimya mpaka mwenye ng'ombe aseme, na wewe, kwa sababu tumekulea kwamba mtoto hasemi mbele ya wazee kabla baba yake hajasema, ukakaa kimya ukiningoja. Ulikuwa unanitazama. Nilidhani ni mwizi ananitazama.

Nikasema, "Simjui."

Hapo ndipo nusu ya kwanza inapoishia. Hilo "simjui" sikukutendea kwa makusudi. Nilisema kweli kama ninavyoiona kweli, na daktari amenipa jina lake. Ukiweza, hilo nisamehe leo, halina uzito.

Mkuu wao akacheka, akawageukia wenzake, "Mnaona? Na huyu muda wote anasema mwenye ng'ombe ni baba yake." Na wewe ukashindwa kuvumilia, ukasema, "Tata. Tata, ni mimi."

Sauti niliijua. Mwanangu, nimekaa na hili miaka yote na sitakudanganya siku ya mwisho: sauti niliijua hujamaliza neno. Nilijua wewe ni nani na ulikuwa umefanya nini. Ulikuwa umekwenda kuokota kuni na wenzako, kama mlivyozoea kila Jumamosi, ukamkuta mtamba wa baba yako amefichwa kichakani, ukamfungua umrudishe nyumbani. Wewe ulimjua yule mnyama kama nilivyomjua mimi. Ulikuwa umefanya jambo ambalo baba angetakiwa kulisimulia kwenye kila kilabu kuanzia pale mpaka Nyamwaga.

Ningesema neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeshasema simjui mbele ya watu arobaini. Nikaona wakinigeukia: mzee gani huyu anamjua ng'ombe mpaka kuzaliwa kwake, asimjue mtoto wake? Wangesema nimekutuma umlete ng'ombe kijijini kwao ili wizi uwe wao. Wangesema nimesikia ananiita baba nikamhurumia mwizi. Na kama wasingesema hayo, ningelazimika kusema lile nililolificha tangu utotoni, kwamba kichwani mwangu kuna kitu hakipo. Yote haya niliyawaza kwa muda wa kupumua mara mbili. Nilipopumua mara ya tatu nikatazama chini, nikasema, "Mimi nimefuata ng'ombe wangu."

Maneno manne. Huo si ugonjwa. Daktari hakunipa jina la hilo.

Nilikuwa nafungua kamba kwenye nguzo walipoanza kukuchapa. Fundo lilinishinda, kwa hiyo nilizisikia fimbo zote. Wewe hukulia. Ungelia labda ningegeuka, nimejiambia hivyo mara nyingi, lakini ni uongo mwingine tu wa kukutwisha wewe. Nikaondoka na mtamba. Nikiwa njiani nikaona pikipiki yenye jina la shule yenu ikipita mbio kuelekea huko nilikotoka, nikajua wenzako wamemwita mwalimu, atakutoa. Nikafika nyumbani usiku. Karanga nilizikuta mfukoni nilipovua koti.

Kesho yake mwalimu wako alinipigia simu. Akasema pole mzee, mwanao amepigwa na sungusungu, walimdhania mwizi, lakini anaendelea vizuri. Nikangoja aongeze. Hakuongeza. Ndipo nikaelewa kwamba hukumwambia. Ulikuwa umelala bwenini umeegemea ubavu, kijana wa miaka kumi na saba, na hukumwambia mtu hata mmoja kwamba yule mzee alikuwa baba yako. Uliificha aibu yangu vizuri kuliko nilivyoificha mimi. Nikasema asante mwalimu, nikakata.

Uliporudi likizo ulinisalimia vizuri, ukachota maji, ukakata majani ya ng'ombe. Hukununa. Ila tangu siku ile hujaniita tena Tata. Unaniita Mzee. Watu wanaona ni heshima. Ni heshima, sikatai. Miaka imepita, umesoma chuo, umepata kazi, na kila ukiniita Mzee naitika, na kila nikiitika najua unakumbuka.

Yule mtamba nilimuuza wiki ileile. Alikuwa ng'ombe mzuri kuliko wote na nilishindwa kumtazama.

Wiki mbili zilizopita, barua yako ya kazi ilipokuja, nilikuambia naenda Musoma kwa habari ya goti. Sikwenda Musoma. Nilikwenda kijiji kile. Siku hizi huyo aliyekuwa mkuu wao ni mzee wa nyumbani, na bila shaka sikumjua, mpaka alipokohoa na kusema ni yeye ninayemtafuta. Nikamwomba aite waliokuwapo. Wakaja saba au wanane, wakakaa kwenye mabenchi ya kilabu. Nikasimama nikawaambia kwamba kijana mliyemkuta na mtamba mwekundu alikuwa mwanangu wa kumzaa, hakuiba, na mimi nilimkana hali namjua kwa sauti. Nikawaambia na ugonjwa wangu. 

Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Ni yule wa baiskeli?" Mwingine akasema hapana, labda yule wa mbuzi. Walikuwa wamesahau, Marwa. Wamekamata vijana wengi, wamechapa wengi, na wewe umechanganyika humo. Yule mkuu akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mzee, unataka tufanye nini?" Nikamwambia msifanye kitu, mjue tu kwamba alikuwa wangu. Akasema sawa, tumejua. Wakanipa uji, nikanywa, nikarudi. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba duniani kote tumebaki watu wawili wanaoikumbuka siku ile, na tunalala nyumba moja, na hatuongei.

Kwa hiyo sina la kukufundisha zaidi ya hili, nalo nimelilipia. Huko Mpanda utakosea mambo mbele ya watu, maana ni kazi ya watu. Ukikosea, wahi kusema ungali na kosa moja. Kosa la kwanza hata mtoto anasamehewa. Mimi nilikuwa na nafasi ya kupumua mara tatu, na ningeweza kuwa nimeishi nawe miaka hii yote kama baba na mwana.

Jua linashuka na Robi lazima ameshakuachia. Barua hii naiweka kitandani kwako juu ya begi. Mimi nitakuwa zizini, sitaingia ndani mpaka utakapokuwa umemaliza kuisoma. Usijisikie una deni la kuja kuongea. Ukiamua kuondoka alfajiri bila kunigongea, nitasikia mlango, na nitaelewa.

Lakini ukikubali nikusindikize, nitakuja na wewe mpaka stendi ya Tarime. Unajua palivyo asubuhi, vijana wote wana mabegi, wote wamenyoa, wote wamevaa makoti ya baridi, na mimi lazima nitakupoteza ukienda tu kukata tiketi. Nitasimama katikati ya watu nikiwatazama mmoja mmoja na sitakujua. Usisimame kuningoja nikujue, mwanangu. Niite kwa sauti, jina lolote utakaloona nastahili. Nitaitika kwa sauti kubwa kuliko yako, na watu wote watageuka, na nitawaambia huyu ni wangu.

Baba yako.